Kitone cha Kona ya Kulia

Kaka yangu alipopiga simu kuniambia kwamba anakuja kumchukua Baba akaishi kwake, nilikuwa chini ya ngazi za kliniki, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, nimeikumbatia kompyuta iliyojaa vumbi. Nikamwambia asubiri kwanza nitoke humo. Mimi nikigombana huwa nasimama, na pale ukisimama unagonga kichwa kwenye ngazi.

"Hakuna cha kugombana," akasema. "Nimeshakata kauli. Mzee amekaa pale kutwa nzima anaangalia namba iliyoganda. Wamemkuta saa kumi na moja jioni, mfagizi anafagia kuzunguka miguu yake. Wewe hujisikii vibaya?"

Nilijisikia vibaya, tena sana, kwa sababu namba ile iliganda kwenye mashine ambayo kazi ya kuitunza ni yangu.

Ngoja nieleze. Baba hasikii. Amefanya kazi miaka thelathini na moja katika chumba cha kuonyeshea filamu, katikati ya projekta mbili zenye kelele za kinu, na siku anastaafu masikio yake yalikuwa yameshatangulia. Kuongea anaongea, tena kwa sauti ya kuamsha majirani, ila ukitaka kumjibu lazima umwandikie. Nyumbani kwake hakuna kalenda ya zamani isiyo na maneno yangu mgongoni. Tangu Mama alipofariki anaishi peke yake, anapika mwenyewe, anafua mwenyewe, na sebuleni ana projekta moja aliyoruhusiwa kuondoka nayo jumba la sinema lilipofungwa. Haijaonyesha kitu kwa miaka kumi na mitano, lakini kila Jumapili anaitia mafuta, na ukiizungusha kwa mkono inakwenda laini kama ilivyotoka kiwandani.

Mahali pamoja tu palikuwa panamshinda, napo ni kliniki ya moyo. Zamani manesi waliita wagonjwa kwa kipaza sauti, na ilikuwa lazima Baba aende na mtu wa kumgusa bega jina lake likitajwa. Alilichukia jambo hilo kuliko ugonjwa wenyewe. Alikuwa akisema anashikwa mkono kama mtoto wa chekechea. Kisha kliniki ikafunga ubao, skrini kubwa ukutani inayoonyesha namba yako na mlango wa kuingia, na Baba akaanza kwenda peke yake, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Nilipopata kazi ya kuutunza ubao ule nilimwandikia kwa herufi kubwa: HAUTAKUANGUSHA. Na ndio huo ulioganda kwenye arobaini na moja, yeye akiwa ameshika arobaini na nne.

Kaka si mtu mbaya. Ana nyumba kubwa mji wa mbali, ana chumba cha wageni kisicho na mgeni, na anampenda Baba kwa namna yake ya kupenda, ambayo ni kuamua. Nilibishana naye mpaka betri ya simu ikaanza kulia. Mwishoni akalegea kidogo.

"Sawa," akasema. "Wamempa tarehe nyingine, Alhamisi baada ya wiki tatu. Nitakuja kuona kwa macho yangu. Wewe usimguse, usimwandikie, usimwonyeshe hata kidole. Akiingia kwa daktari mwenyewe kwa zamu yake, nanyamaza. Asipoingia, anaondoka na mimi siku hiyo hiyo. Sanduku nitakuja nalo."

Nikarudi chini ya ngazi, nikakaa juu ya ndoo yangu, nikaitazama ile mashine kwa jicho baya.

Ugonjwa wake niliujua. Kila kompyuta ina kiini, ile programu ya chini kabisa inayoamka kwanza na kushika kila kitu, diski, mtandao, skrini. Kiini cha mashine hii kilikuwa kizee na kibovu, kikifanya kazi saa chache kinaganda kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Dawa ni kuweka kipya. Lakini kampuni iliyoiuza iliifunga kwa kufuli ya ndani kwa ndani, ukiiwasha lazima iamke na kiini kile kile, usiiletee kingine. Kampuni yenyewe ilishafungasha virago zamani. Namba yao ya simu ukiipiga anapokea muuza magodoro, tena amechoka nasi.

Ilibaki njia moja. Uiache mashine iamke na kiini cha zamani, halafu hicho cha zamani, kikiwa bado kimesimama, kiruke moja kwa moja kuingia kwenye kipya. Huzimi mashine, huwashi upya, hupiti mlangoni kwenye kufuli. Cha zamani kinatoka, kipya kinakaa kwenye kiti, basi.

Kuruka kuliwezekana. Skrini ndiyo iliyokataa. Kila nilipobonyeza, ubao uligeuka mweusi tii. Nangoja, nangoja, kisha baada ya muda unaona taa inarudi, mashine imejiwasha upya kuanzia mwanzo na kile kizee kimerudi kitini pake, hakina habari.

Nilikuwa najaribu saa saba mchana, wagonjwa na manesi wanapokwenda kula na ukumbi unabaki mtupu. Nakaa mstari wa mbele, kompyuta yangu mapajani, macho nimeyakodoa ubaoni. Siku tisa za kazi nilifanya hivyo. Nilishuku waya, nikanunua mwingine. Nilishuku diski, nikaikagua. Nilikishuku kiini kipya na kukitukana maneno ambayo Mama angekuwa hai angenifuata nayo na mwiko. Hakuna kilichobadilika. Siku ya tano Sista Mkuu, mwenye kliniki yake yote mkononi, alipita na kikombe cha chai akasimama kando yangu.

"Fundi," akasema, "mimi kipaza sauti changu kipo kabatini, nimekifunga kwenye taulo. Hakijawahi kuganda hata siku moja. Ubao wako ukinizimikia tena mbele ya wagonjwa zaidi ya dakika tano, nakitoa, na sikirudishi."

"Nimekuelewa, Sista."

"Mimi nakupenda," akasema. "Ila nawapenda na wao."

Siku ya kumi akili ikanirudi. Kila kiini kinapoamka huandika kumbukumbu, mstari kwa mstari, kinasema nimeshika hiki, nimeshika kile. Mimi kwa hasira sikuwa nimezisoma, nilikuwa nimeshaamua kwamba kipya kinakufa pale pale kinapozaliwa. Nikafungua. Jamani. Kiini kipya kilikuwa hakifi. Kilikuwa kinaamka vizuri, kinashika diski, kinashika mtandao, kinaanzisha programu ya namba, kinafanya kazi zake gizani kwa raha zake, halafu ghafla maandishi yanakatika katikati ya neno. Siku ya kwanza kwenye sekunde ya thelathini na nne. Siku ya pili arobaini na moja. Siku nyingine hamsini na mbili. Sasa mashine mbovu huharibikia mahali pamoja, haina mzaha. Hii ilikuwa inakatwa kwa nyakati tofauti tofauti, kama kuna mtu anayefika kwake kwa miguu.

Saa saba ile nikabonyeza, na badala ya kukodolea macho ubao nikakimbia chini ya ngazi.

Nikamkuta mama wa usafi. Chumba kile ni chake kuliko changu, ndimo anamoweka ndoo na matambara. Amesimama wima, plagi ya mashine yangu mkononi, macho amefumba.

"Saba," anasema. "Nane. Tisa."

"Mama, unafanya nini?"

"Usinichanganye, mwanangu. Kumi." Akachomeka, akapangusa mikono kwenye aproni. "Haya. Umerudi."

"Ni wewe? Siku zote hizi ni wewe?"

"Nani mwingine? Fundi aliyekutangulia ndiye aliyenielekeza. Ukiona ubao mweusi, chomoa, hesabu mpaka kumi, chomeka. Miaka minne nafanya hivyo na haujanishinda." Akasogea karibu, akapunguza sauti. "Nilikuona unahangaika pale mbele, nikasema nisikwambie kwamba mimi ndiye ninayekuokoa, usije ukaona aibu."

Siku kumi. Mimi nimekodoa macho mbele, yeye anapita nyuma yangu na ufagio, anaona giza, anakwenda kuniokoa. Nilitaka kupiga kelele. Nikafungua mdomo, kikatoka kicheko, nikakaa juu ya ndoo nikacheka mpaka mbavu zikauma na yeye akaniletea maji akidhani nimepatwa na kitu. Nilipomweleza alishika mdomo, uso ukamshuka, akawa kila akiniona siku hiyo anasema pole. Mimi nikambandika jina la Mama Kumi. Kesho yake nilimsikia akijitambulisha hivyo kwa muuza sabuni.

Kwa hiyo mashine ilikuwa nzima, ila kipofu. Mama Kumi alipoacha kuichomoa nikakaa nayo gizani dakika kumi. Kwenye kompyuta yangu niliona namba zinakwenda humo ndani, moja, mbili, tatu, wala hazigandi, kazi safi kabisa ambayo hakuna mtu ukumbini angeiona. Na Alhamisi ilikuwa imebaki siku sita.

Jumapili nikaenda kwa Baba. Alikuwa ametandika gazeti mezani, chupa ya mafuta pembeni, kifuniko cha projekta kimefunguliwa. Nikashika kitambaa nikaanza kufuta meno ya gurudumu.

"Mama," akasema kwa ile sauti yake, maana mimi ananiita mama tangu nizaliwe, "uso huo umeuchukua wapi?"

Nikageuza kalenda nikamwandikia. Sikumwandikia habari za sanduku, hizo Kaka alikuwa ameshamwambia kwa barua ndefu, na Baba aliikunja akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. Nilimwandikia habari za viini viwili na ubao mweusi. Akavaa miwani, akasoma pole pole, kidole kinafuata mstari.

"Kwa hiyo una mashine mbili na pazia moja," akasema. "Ya kwanza inatoka, ya pili inaingia."

"Kama hivyo," nikaandika.

"Ya kwanza ikitoka inaifanyaje taa?"

Hapo nikaandika kwa maringo. Niliandika kwamba mimi mwenyewe nimeiamuru ifunge kila kitu kwa utaratibu kabla ya kuondoka, izime skrini, iache pasafi.

Baba akasoma. Akavua miwani, akanitazama, akaanza kucheka kicheko cha tumbo.

"Nani amekufundisha hivyo?"

"Wewe," nikaandika, nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Na ni kweli. Nyumba yetu ukitoka chumbani ukaacha taa inawaka, umefanya kosa la jinai. Baba alikuwa anaweza kukurudisha ukiwa umeshafika barabarani na begi la shule mgongoni, urudi, uvue viatu, uingie, uizime, utoke tena. Mimi na Kaka mpaka leo tukitoka hata kwenye nyumba za watu mkono unakwenda wenyewe ukutani.

"Hiyo ni nyumbani," Baba akasema. "Nyumbani umeme nalipa mimi. Kazini ukifanya hivyo unafukuzwa."

Akaweka chupa ya mafuta chini, akanieleza kwa mikono yote miwili. Filamu moja ilikuja kwa mikanda mitano, sita, kila mmoja dakika ishirini hivi, na projekta zilikuwa mbili. Mkanda unapokaribia kuisha, kwenye kona ya juu kulia ya picha kinatokea kitone kidogo, ukipepesa macho hukikuti. Hicho ni chako, si cha watazamaji. Unawasha mota ya projekta ya pili. Sekunde saba baadaye kinatokea kitone kingine, na hapo unafungua dirisha la mwanga la projekta ya pili na kufunga la ya kwanza kwa pigo moja. Taa zote mbili zinakuwa zinawaka. Pazia haliguswi na giza, na mtu aliyekaa chini hajui kama kuna kilichotokea.

"Ukiifunga ya kwanza mapema, hata kidogo hivi," akanionyesha ukucha, "ukumbi mzima unakupigia miluzi. Miaka thelathini na moja nimepigiwa miluzi mara nne. Na ya nne haikuwa kosa langu."

Jumatatu asubuhi niliufuta ule mstari wangu wa nidhamu. Nikakiagiza kiini cha zamani kiondoke na taa inawaka. Kile kipya nikakikataza kabisa kugusa mitambo ya skrini, maana namna ya kuiamsha inaijua mashine yenyewe tu inapopata umeme, kipya kikijaribu kinaishia kuizima. Nikakiambia, pazia limeshawashwa taa, wewe paka rangi tu. Nikakiandikia kwenye karatasi yake ya kuingilia mahali picha inapoanzia ndani ya kumbukumbu ya mashine, upana wake na urefu wake.

Saa saba nikabonyeza. Ubao haukuzimika. Namba zikaendelea kuwaka, zikatulia kidogo, kisha zikarudi zimelala ubavu, kila mstari umesogea kidogo kupita uliotangulia. Mama Kumi alikuja na ufagio akainamisha kichwa mpaka sikio likagusa bega.

"Inasomeka," akasema. "Ila ukilala."

Nilijua kosa langu saa ile ile. Nilikuwa nimepima upana unaoonekana kwa macho, kumbe kila mstari ndani ya kumbukumbu una nafasi chache tupu mwishoni ambazo skrini haizionyeshi, nazo lazima zihesabiwe. Nikazihesabu. Tulipojaribu tena namba zikasimama wima kila moja mahali pake. Nilimkumbatia Mama Kumi pamoja na ufagio wake.

Siku mbili zilizofuata niliiandikia mashine iruke yenyewe kila inapowaka, bila mkono wa mtu. Na niliongeza kitu kimoja ambacho hakimo kwenye kitabu chochote cha fani yangu. Kiini cha zamani, kabla tu ya kuruka, kinaweka kitone cheupe kwenye kona ya juu kulia ya ubao. Nilijiambia ni kwa ajili ya kazi, kwamba wakati wa kuruka namba husimama kwa sekunde kadhaa na inafaa nijue mashine iko njiani. Nilikuwa najidanganya. Nilimwekea yeye, na sikumwambia.

Alhamisi Kaka alifika mapema. Alinionyesha buti ya gari kabla hata ya salamu. Sanduku jipya la bluu, lina magurudumu, bado lina karatasi ya dukani kwenye mpini.

"Ahadi ni ahadi," akasema.

"Nimekusikia. Mikono yangu hii hapa," nikaitia mfukoni.

Baba akachukua namba yake mwenyewe, thelathini na moja, akakaa mstari wa tatu. Kaka akakaa kando yake. Mimi nikasimama ukutani mbali, roho mkononi. Ubao ulikwenda bila tatizo, ishirini, ishirini na mbili, ishirini na tano. Nikaanza kupumua. Ulipofika ishirini na saba, mlango wa tatu, umeme ukakatika.

Feni zikasimama, ubao ukafa, watu wakaguna. Nyuma ya jengo jenereta likakohoa, likanguruma, taa za ukumbini zikarudi. Ubao bado. Mashine ilikuwa inaanza moja, na kiini kile kizee kuamka kwake ni kama mtu anayetafuta ndara. Sista Mkuu akatoka ofisini, kipaza sauti mkononi, anakipuliza fuu, fuu, spika zikajibu. Akatazama saa yake ya kifuani, akanitazama mimi, akanionyesha vidole vitano.

Kwenye mlango wa chini ya ngazi alisimama Mama Kumi, mikono yote miwili ameifungia nyuma ndani ya aproni. Aliniambia baadaye kwamba alihesabu mpaka kumi mara kumi na nane.

Dakika ya tatu ubao ukawaka. Ishirini na saba, mlango wa tatu. Watu wakashusha pumzi, na Sista akakishusha kipaza sauti. Mimi sikushusha kitu. Nilijua kwamba hicho ni kiini cha zamani na kwamba sasa ndipo kinaruka.

Kitone kikatokea kwenye kona.

Nesi wa mlango wa tatu akafungua, akamtoa mgonjwa, akabonyeza kitufe chake cha namba ifuatayo. Ishirini na saba ikabaki ishirini na saba. Akabonyeza tena. Mtu mmoja nyuma akasema, umeganda huo. Sista akakinyanyua kipaza sauti mpaka midomoni. Kaka akamgusa Baba bega, akamwonyesha ubao, akatikisa kichwa pole pole kwa huruma, na ile huruma yake ndiyo iliyonikata maini.

Baba hakumtazama. Alikuwa anatazama kona ya juu kulia. Akainua mkono wake wa kulia usawa wa bega, kama mtu anayesubiri kushika mpini, akaanza kuhesabu sekunde kwa vidole, kimoja, kimoja, kingine. Sista alikuwa ameshavuta pumzi ya kuita. Kwenye ya saba Baba akafunga ngumi, akaushusha mkono. Ngumi ikakaa hewani pale, tupu, muda ambao mimi niliuona kama mwaka.

Ishirini na nane. Kitone hakipo. Pazia halikuguswa na giza, na hakuna aliyepiga mluzi. Sista alitoa ile pumzi yake spikani, ukumbi mzima ukasikia haaa, akakizima kipaza sauti akarudi ofisini.

Ishirini na tisa ikapita. Thelathini ikapita. Simu ya Kaka ikalia, akainuka akaenda kuongea karibu na dirisha, sikio moja kwenye simu, la pili kalitegea spika kwa mazoea, anangoja jina liitwe. Thelathini na moja, mlango wa tatu. Baba akasimama, akanyoosha shati, akapita katikati ya viti bila kumgusa mtu goti, akagonga mlango ambao asingesikia ukiitikiwa, akaingia.

Kaka aliporudi alikuta kiti kitupu. Akatazama chini ya viti, akatazama mlango wa choo.

"Baba yuko wapi?"

Nilikuwa nimeahidi kutoonyesha hata kidole. Nikamwonyesha ubao kwa kidevu.

Akausoma. Akakaa kwenye kiti cha Baba, akashika tama, akakaa hivyo mpaka mlango wa tatu ulipofunguliwa. Baba alitoka na karatasi ya dawa, akanitafuta kwa macho, akaniona ukutani.

"Mama," akapaza sauti, na watu sitini wakageuka. "Umechelewa sekunde mbili."

Akanyoosha vidole viwili juu, wanione wote. Mimi hapo ndipo nilipolia, nililia mbele ya wagonjwa wa moyo na manesi wao, na wala sikujali. Mama Kumi akanipa tambara ambalo natumaini lilikuwa safi.

Nje, Kaka alifungua buti ili Baba aweke begi lake la dawa, akasahau kilichokuwamo. Baba akaliona sanduku.

"La nani hili?"

Kaka alinitazama, akalitazama sanduku, akachukua kalamu kutoka mfukoni mwa Baba mwenyewe. Akaandika mgongoni mwa karatasi ya dawa, na mimi nikasoma juu ya bega lake: *Lako. Zawadi.*

Baba akalishusha, akalizungusha kwenye lami kuona magurudumu, akafungua zipu na kuifunga mara mbili. Akasema amelipenda. Akasema mikanda yake ya filamu iko kwenye maboksi na panya wameanza kuyatafuna, sasa itakuwa imepata mahali.

Kaka ndiye aliyelibeba mpaka sebuleni, akawasha taa maana pale mapazia hufungwa mchana na usiku kwa ajili ya filamu, akaliweka kando ya projekta, akalisawazisha na ukuta. Kisha akatoka kutufuata uani, anapangusa mikono, kichwani ana mambo yake.

"Taa," Baba akasema.

Kaka akarudi ndani kuizima.